Kusikiliza Giza kwa Masikio ya Litungu

Uzi wa chini kabisa wa litungu hauimbi, unanguruma. Wakurya wa Tarime na Serengeti, ambao kwa lugha yao huiita ala hii iritungu, hulitengeneza kubwa: bakuli la mti lililowambwa ngozi, mikono miwili, mti wa kukingama juu, na nyuzi nane. Liweke kando ya nyatiti ya jirani zao Wajaluo na utaona mara moja nani mzito. Obokano ya Wakisii, ambayo ni ndugu yake wa karibu, imewahi kufananishwa na lile zeze la besi linalosimama nyuma ya okestra za Ulaya, na litungu lingestahili sifa hiyohiyo. Mngurumo wake si safi. Una mkwaruzo ndani yake, kama nyuki waliofungiwa mtungini, na kwa ala nyingi za nyuzi za ukanda huu wa ziwa mkwaruzo huo hutafutwa kwa makusudi. Uzi usiovuma huonekana bado haujakamilika. Mtu aliyekulia kwenye muziki wa namna hii, akiwekewa albamu ya elektroniki ya Kizungu yenye jina la gothiki, ile ya sauti nzito zinazotambaa polepole, kengele za mbali na mwanamke anayeimba maneno yasiyo ya lugha yoyote, huwa na jambo la kusema ambalo mhakiki wa London au Berlin anaweza kulikosa. Makala hii inahusu jambo hilo.

Kwanza tuijue albamu ya namna hii, maana jina lake lina safari ndefu. Wagothi walikuwa kabila la Ulaya ya kale. Wataliani wa karne za baadaye wakalitumia jina lao kama tusi kwa makanisa marefu ya mawe yenye matao yaliyochongoka, yaliyoanza kujengwa Ufaransa karne ya 12. Mwaka 1764 Mwingereza Horace Walpole akachapisha riwaya ya ngome, mizimu na vitisho, na tangu hapo neno gothiki likahama kutoka kwenye majengo likaingia kwenye hofu. Mwaka 1979 bendi ya Bauhaus ya Uingereza ilitoa wimbo mmoja wa dakika zaidi ya 9, mzito na wa polepole, ukimhusu mwigizaji aliyewahi kuwa Drakula wa sinema, na vijana waliovaa nguo nyeusi wakapata muziki wao. Miaka michache baadaye, kampuni ya 4AD ya London ilikuwa ikitoa kazi za Dead Can Dance, kundi la Lisa Gerrard na Brendan Perry lililoanzia Melbourne, Australia, mwaka 1981. Hao ndio waliofungua mlango wa pili: wakachanganya giza la gothiki na sauti za Kanisa la zama za kati, Mashariki ya Kati, Uhindi, Ulaya ya Mashariki na, kwenye albamu yao ya mwaka 1996 iitwayo *Spiritchaser*, midundo yenye mwelekeo wa Afrika na Amerika ya wenyeji wa asili. Katikati ya hayo, Juni 1987, watu wa kampuni ndogo za santuri walikutana kwenye baa moja London wakakubaliana kwamba muziki wowote usiokuwa na rafu yake dukani uitwe "muziki wa dunia". Lilikuwa jina la rafu tu. Leo tunalitumia kana kwamba ni jina la kitu.

Kinachoifanya albamu ya namna hii iitwe ya angahewa ni mambo mawili ya kiufundi, na yote mawili yanaeleweka bila shahada. La kwanza ni mvumo: sauti moja ya chini inayoshikiliwa dakika nzima au zaidi bila kubadilika, juu yake vitu vingine vikipita kama mawingu. La pili ni mwangwi. Ndani ya kanisa kubwa la mawe, sauti moja inaweza kuendelea kusikika sekunde sita au zaidi baada ya mwimbaji kufunga mdomo. Zamani ulihitaji kanisa ili kupata hilo. Sasa kuna programu inayobuni kuta zisizokuwepo. Fundi wa studio huchukua sauti iliyorekodiwa ndani ya chumba kidogo chenye magodoro ukutani, akaigeuza isikike kama imetoka pangoni, msikitini, au mwisho wa bonde. Kwa hiyo unaposikiliza albamu ya namna hii unasikiliza nyumba kabla ya kusikiliza wimbo. Unasikia ukubwa wa mahali ambapo hakuna mtu.

Hapo ndipo sikio la Tarime linaposhtuka. Litungu halikuzaliwa ndani ya kuta. Hupigwa uani, kwenye harusi na sherehe za rika, mbele ya watu wanaocheza juu ya udongo, na sauti yake haina ukuta wa kurudi. Huishia kwenye miili ya watu waliosimama. Ukimya wa baada ya uzi kunyamaza hujazwa na kicheko, vigelegele au jibu la waitikiaji. Kwa lugha ya studio, ni muziki mkavu. Ukavu huo una maana yake, kwa kuwa kila sauti ina mwenyewe anayeonekana na kila neno lina mtu linayemhusu. Kwa Wajaluo wa Rorya, wilaya iliyomegwa kutoka Tarime mwaka 2007, jambo hili limekuwa desturi yenye jina: pakruok. Mpiga nyatiti akiwa katikati ya wimbo, msikilizaji anaweza kuusimamisha, akatoa fedha, akajisifu yeye, ukoo wake na rafiki zake, kisha muziki ukaendelea. Hebu tulitazame hilo vizuri. Ni muziki ambao hata msikilizaji analazimika kusema jina lake. Albamu ya angahewa ni kinyume chake kabisa, kwa kuwa mara nyingi hata mwimbaji hajulikani. Hoja yangu inasimama hapa: giza la albamu hizi halina tatizo, wala mashine zake hazina tatizo. Kilichopungua ni majina, na upungufu huo ni wa kisanii kama ulivyo wa haki, kwa maana unasikika masikioni hata kabla hujasoma mkataba wa mtu yeyote.

Ushahidi uliokamilika zaidi ni wa Deep Forest. Mwaka 1992 Wafaransa wawili, Eric Mouquet na Michel Sanchez, walitoa albamu iliyochanganya sinthesaiza na sauti za watu wa misitu ya Afrika ya Kati. Iliuzwa nakala za mamilioni. Wimbo uliovuma zaidi ulikuwa bembelezi tamu ya sauti ya mwanamke juu ya mvumo na ngoma za disko, na wasikilizaji wengi waliamini wanamsikia Mbilikimo wa Kongo. Hakuwa Mbilikimo wala Mwafrika. Aliitwa Afunakwa, mwanamke wa Kibaegu wa kisiwa cha Malaita, Visiwa vya Solomon, na aliyemrekodi miaka ya mwisho ya 1960 kuelekea 1970 alikuwa mtafiti wa muziki Hugo Zemp, katika kazi iliyotolewa kwenye mfululizo wa santuri za UNESCO mwaka 1973. Zemp alilalamika hadharani kwamba hakuridhia matumizi hayo. Kosa halikuishia hapo. Mwaka 1996 mpiga saksafoni mashuhuri wa Norway, Jan Garbarek, aliupiga wimbo huohuo kwenye albamu yake na kuupa jina la bembelezi ya Mbilikimo. Mtu makini, mwenye sikio la hali ya juu, akakosea bahari nzima, kwa sababu sauti iliyomfikia ilikuwa imeshavuliwa anwani. Na kuna jambo ambalo kwangu ni zito zaidi ya hilo. Maneno ya bembelezi ile yanamhusu mtoto anayembembeleza mdogo wake aliyefiwa na mzazi. Yaani lilikuwemo giza la kweli ndani ya wimbo, giza ambalo bendi za gothiki zimelitafuta kwa moshi wa jukwaani na taa za zambarau, na studio ililitupa nje ikabaki na utamu. Ndiyo maana nasema jina likiondoka, haliondoki peke yake.

Kesi ya Enigma ni fupi na ina mwisho mzuri kidogo. Mwenye mradi huo, Michael Cretu, Mjerumani mwenye asili ya Romania, alikuwa ameshatumia nyimbo za watawa kwenye albamu yake ya mwaka 1990, na huko pia kulikuwa na madai ya kwaya ya Munich yaliyomalizwa kwa makubaliano. Kisha akaja na wimbo uliovuma dunia nzima mwaka 1994, ambao kiini chake ni sauti za wazee wawili wa kabila la Waami wa Taiwan, Difang na mkewe Igay, zilizorekodiwa walipokuwa ziarani Ufaransa. Sauti zao zilitumika hata kuitangaza Michezo ya Olimpiki ya Atlanta ya 1996. Wazee walikuwa wakulima. Walifungua kesi mwaka 1998, na mwaka uliofuata pande zote zilielewana nje ya mahakama. Wengine husema: basi, walilipwa, yameisha. Sidhani fedha ndiyo iliyokuwa swali pekee. Wimbo ule wa Waami una waimbaji wawili wanaojibizana. Mmoja anapanda, mwingine anaingia chini yake kabla hajashuka. Kwenye toleo la studio kipande kilekile kinazungushwa mara baada ya mara, hivyo majibizano yanageuka kuwa pambo. Sikio lililozoea kiongozi na waitikiaji litatambua kwamba mtu ameuliza na hajajibiwa.

Kwa watu wa Wilaya ya Serengeti mchezo huu wa kuondoa watu ili kubakiza mandhari si mgeni. Walioutenda mwanzo si wanamuziki. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilitangazwa mwaka 1951, na mwaka 1959 ilitoka filamu maarufu ya Mjerumani Bernhard Grzimek na mwanawe Michael kuhusu wanyama wa nyika hiyo, ikapata tuzo ya Oscar mwaka uliofuata. Filamu hiyo ilisaidia sana kuwalinda wanyama. Hilo halina ubishi. Lakini pia iliwapa watu wa mbali picha ya nyika isiyo na mwenyewe, pori la tangu uumbaji. Mwanahistoria Jan Bender Shetler, aliyekusanya simulizi za Waikoma, Wanata, Waisenye, Wangoreme na jirani zao na kuandika kitabu mwaka 2007, ameonyesha kinyume chake. Wazee wale waliitaja nchi hiyo kwa majina ya vilima, vijito, mashamba ya zamani na makaburi. Penye "nyika tupu" ya mgeni, mwenyeji alikuwa na orodha ya majina. Albamu ya angahewa inapochukua ngoma, filimbi na sauti ya mama wa Kiafrika na kuzitandaza nyuma ya sinthesaiza kama ukungu, inafanya kwa sauti kile ambacho kamera ilifanya kwa ardhi. Inapendeza kwa kadiri ileile, na inakosa kitu kilekile.

Pingamizi la kwanza litatoka kanisani, na halipaswi kubezwa. Mzazi wa Mugumu akiikuta albamu yenye msalaba uliopinda, fuvu na mwanamke mwenye shela nyeusi kwenye jalada, atauliza kwa nini mtoto alishe masikio yake giza. Jibu la haraka ni kwamba giza la muziki huu lilianzia kanisani kwenyewe: mvumo ule, mwangwi ule na zile sauti ndefu za watawa ni mali ya ibada ya Kikristo ya karne nyingi. Jibu hilo ni la kweli lakini halitoshi, kwani kitu kinaweza kutoka kanisani kikaharibikia njiani. La maana zaidi ni kwamba hata muziki wetu haukukimbia huzuni kamwe. Tunaimba msibani usiku kucha. Ala za nyuzi za ukanda huu zimekuwa zikiwalilia wafu kwa majina yao, na hakuna aliyedhani mpigaji amefanya urafiki na mauti. Tofauti ni kwamba maombolezo yetu yana marehemu. Albamu ya gothiki mara nyingi huomboleza bila msiba, na mtu aliyezoea matanga ataona hilo kama upungufu zaidi ya hatari. Kwa hiyo mzazi asihofu sana fuvu la jaladani. Aulize nani amekufa. Akikosa jibu, anaweza kuucheka tu muziki ule kidogo na kuendelea na shughuli zake.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi: muziki wote ni wa kuazima. Kinubi cha aina ya litungu kimeenea kutoka Misri ya kale na Ethiopia hadi kandokando ya Ziwa Viktoria, na hatumlipi Farao. Hata jina lenyewe limetembea, kwani Wabukusu wa magharibi ya Kenya wana litungu lao, jepesi zaidi, lisilofanana na la Tarime. Taarabu ya Zanzibar ilichota Misri, dansi ikachota Kuba na Kongo. Basi Mzungu akichota kwetu, kelele za nini? Nakubali sehemu kubwa ya hoja hii. Kuazima mtindo ni uhai wa muziki, na ndiyo maana siiweki Dead Can Dance kwenye kapu moja na Deep Forest. Gerrard huimba kwa koo lake mwenyewe, kwa maneno aliyoyabuni. Ameathiriwa na namna za kuimba za Mashariki lakini hajamkata mtu kipande cha sauti akakibandika. Anayekosea ni anayechukua sauti ya mtu fulani, siku fulani, kisha akaiita sauti ya "dunia". Na wenye studio wenyewe wanaijua tofauti hiyo vizuri mno inapowagusa. Kwenye *Spiritchaser* kuna wimbo ambao watu waligundua unakaribiana na wa George Harrison wa The Beatles, na Harrison akatajwa kama mmoja wa watunzi. Mfanano wa wimbo tu, ambao haukuwa hata sauti yake iliyonakiliwa, ulitosha kumpa tajiri wa Uingereza nafasi yake kwenye karatasi. Mama wa Malaita alitoa sauti nzima. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ina sehemu inayolinda sanaa za jadi, jambo jema, ila sheria huja baada ya sauti kuibwa. Msikilizaji anaweza kuja mapema zaidi.

Je, inawezekana kupata mvumo, mwangwi na giza bila kumpoteza mtu? Tanzania ina jibu, na inashangaza kwamba hatulisemi mara nyingi. Mwaka 2002 kampuni ya Real World, ile iliyoasisiwa na Peter Gabriel, ilitoa albamu iitwayo *Assembly* ya Hukwe Zawose na Mkanada Michael Brook. Zawose alikuwa Mgogo wa Dodoma. Husimuliwa kwamba Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, ndiye aliyemtaka aje Dar es Salaam baada ya kupata habari za kipaji chake. Baadaye akawa nguzo ya sanaa Bagamoyo hadi alipofariki Desemba 2003. Brook ni fundi wa gitaa lililotengenezwa liweze kushikilia sauti moja bila kikomo, yaani mtengeneza mvumo kwa taaluma. Kwenye albamu ile elektroniki ni nyingi, tena kuna mahali ni nzito kupita kiasi kwa maoni yangu, hasa midundo inapojaribu kumkimbiza mzee aende disko. Lakini jina lake liko jaladani, mbele. Na sikiliza kinachotokea malimba yanapoanza: sauti za Brook humsubiri. Zawose anapovuta pumzi, mashine inanyamaza naye. Ni mtu aliye chumbani na mtu mwingine, na jambo hilo hulisikii ukikata kipande cha santuri ya UNESCO na kukizungusha. Kenya nayo ina mfano wa Ayub Ogada, ambaye albamu yake ya nyatiti ya mwaka 1993, kwa kampuni hiyohiyo, ilileta wimbo *Kothbiro* uliotumika kwenye filamu *The Constant Gardener* mwaka 2005. Sauti ni chache, nafasi ni kubwa, huzuni imetulia. Ukitaka kumweleza kijana wa Tarime angahewa ni nini, huna haja ya kumpeleka kwenye kanisa la mawe, mwekee huo.

Siku hizi wanaofanya kazi hii kwa giza zaidi ni vijana wa huku. Duma, vijana wawili wa Nairobi, walitoa kwa kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala albamu ya mwaka 2020 yenye mayowe na kelele za mashine ambazo zingewatisha wavaa nyeusi wa London. Mwenzao Joseph Kamaru, ajulikanaye kama KMRU, mjukuu wa mwimbaji yule mashuhuri wa Kikuyu mwenye jina hilohilo, anakwenda upande wa pili: sauti zinazopanuka polepole, mvua, mabati, barabara, hadi hujui tena ni nini. Kazi yake ninayoiona karibu zaidi na hoja hii ni *Temporary Stored* ya mwaka 2022, iliyotokana na sauti za Afrika zilizohifadhiwa kwenye jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, lililorithi mengi ya enzi za ukoloni. Hapo kuna mtego. Naye anachukua sauti za watu, naye anazifunika kwa mvumo. Je, hafanyi kama Deep Forest? Ukiangalia mbinu peke yake, anafanya. Lakini yeye hakuuficha ukungu wala mahali sauti zilipotoka. Kabati la Tervuren ndilo somo lenyewe la albamu, na sauti zile zinazosikika kama zimefungiwa nyuma ya kioo zinakuambia kwamba kweli zimefungiwa. Ukosefu wa majina, ambao kwa wengine ni uzembe, kwake umekuwa huzuni. Pengine hii ndiyo gothiki halisi ya Afrika Mashariki: nyumba ya wafu ipo, na wafu wana kwao.

Wapo watakaosema nimelifanya zito jambo jepesi, kwamba mtu huweka muziki apumzike na si kufanya upelelezi. Ni kweli kwa jioni nyingi. Hata hivyo mtu akiletewa nyama na asiyemfahamu huuliza imetoka wapi kabla hajaitia chumvi, wala swali hilo halimpunguzii hamu ya kula. Wengine watauliza nani Tarime au Serengeti anasikiliza vitu hivi hata tupoteze wino. Intaneti imeshajibu hilo; simu iliyopo Sirari inafikia albamu zilezile zinazofikiwa na simu ya Munich. Tatizo la simu ni jingine, tena la kimwili kabisa. Spika yake ndogo haiwezi kutoa sauti za chini, zile za hezi 200 kushuka, ambako nusu ya muziki huu inaishi. Anayeisikiliza albamu ya mvumo kwa spika ya simu amesoma barua ambayo mistari yake ya chini imeliwa na mchwa. Haihitaji mtambo wa gharama. Sabufa ya kawaida inatosha, hedifoni nzuri pia, usiku baada ya mashine ya kusaga kunyamaza. Na yule aliyelizoea litungu atakuwa na faida: atajua kusubiri uzi wa chini, atausikia mkwaruzo ndani ya mngurumo badala ya kudhani spika imechanika, na sauti ya mtu ikipita akiwa hajatambulishwa, hataipokea kama upepo.

Kusini mwa Seronera, ndani ya hifadhi, kwenye miamba ya Moru, kuna jiwe kubwa lenye vishimo vya mviringo usoni mwake. Ukiligonga kwa jiwe dogo hutoa mlio wa chuma, kama kengele, na kila kishimo kina mlio wake. Miamba ya namna hiyo ipo pia kwenye kisiwa cha Lolui upande wa Uganda wa Ziwa Viktoria. Waliovichimba vishimo hivyo hawakuvichonga kwa patasi. Vimelika kwa kugongwa, mkono baada ya mkono, kwa muda mrefu mno. Mtalii wa leo huligonga, akacheka kwa mshangao, akairekodi sauti kwa simu. Sekunde tatu zinatosha. Zikipelekwa kwenye kompyuta na kunyooshwa hadi dakika kumi, na kutiwa mwangwi wa kanisa lisilokuwepo, zitakuwa mwanzo mzuri sana wa albamu ya aina hii, na ningependa kuisikia. Kabla ya hapo kompyuta itamwomba fundi aandike jina la faili. Anaweza kuandika kengele ya Afrika, namba tatu. Anaweza pia kuandika Moru, Serengeti, jiwe la vishimo, kishimo cha kushoto.